Saa Tisa Usiku
Kila nilipolala kwa bibi Kisarawe, saa tisa usiku nilimkuta barazani, anachambua mchele kwa taa ya sola. "Usingizi wa uzeeni ni mgeni, mume wangu," alinitania. "Akishaaga, humshiki shati."

Nilimfuata kwa ajili ya tasnifu yangu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa makubaliano ya Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa serikalini mwaka 1970. Hayo yamo kwenye majalada. Yasiyomo ni majina ya vibarua waliojenga, na bibi, kabla ya kuolewa Kisarawe, aliwauzia mihogo.

Nilifika alasiri moja nimechoka na daladala, nikamuuliza majina. Hakukumbuka hata moja. Kiza kilipoingia akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Katika daftari niliandika: "Shahidi hana kumbukumbu."

Usiku huo nilianza kusoma historia nyingine. Mwaka 1958 Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale alitenga melatonini kutoka tezi za pineali za ng'ombe. Alikuwa anachunguza rangi ya ngozi. Kumbe amekamata homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia. Uzeeni hupungua. Mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard ilieleza kwamba ubongo wa panya aliyelala huondoa taka haraka zaidi, ikiwamo amiloidi, protini inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer. Wanasayansi wengine wanaupinga utafiti huo, na haijathibitika kwamba vidonge vya melatonini hurudisha kumbukumbu. Nikaacha wazo la kumnunulia.

Kilichonisaidia kilitoka karibu zaidi. Utafiti wa mwaka 2017 uliwafuatilia Wahadza 33 kwa siku 20. Muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Watafiti walipendekeza kwamba usingizi mwepesi wa wazee huenda ulikuwa ulinzi wa kambi.

Basi bibi alikuwa zamu, nami nilikuwa namhoji saa alizochoka.

Safari iliyofuata niliamka naye. Saa tisa na nusu, vidole vikiwa kwenye ungo, alitaja majina mawili, na nani kati yao alikopa mihogo asilipe. La tatu lilimponyoka. Katika daftari nilifuta ule mstari wa zamani, nikaandika mawili, na chini yake nikaacha nafasi.