Kitenzi cha Kiingereza "carry" na Vitenzi vya Kubeba Mombasa Bara

Anayetafuta tafsiri ya kitenzi cha Kiingereza "carry" hupewa orodha: chukua, beba, pagaa, jitwika, eleka, pakata. Ni rahisi kudhani kwamba vitenzi hivyo ni visawe. Makala haya yanakusudia kuonyesha chanzo cha dhana hiyo, na hasara yake.

Chanzo ni cha kihistoria. J. L. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitunga kamusi iliyotolewa mwaka 1882. Msingi wake ulikuwa Kimvita, na kila neno la Kiswahili lilielezwa kwa Kiingereza. Mwaka 1894 A. C. Madan aliigeuza njia: neno la Kiingereza likawa mlango, na ya Kiswahili yakapangwa nyuma yake. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilifuata mpango huo.

Hata hivyo, lugha hizi mbili haziulizi swali moja. Kiingereza huuliza kama kitu kimekwenda pamoja na mchukuzi wake. Kiswahili huuliza pia kimekaa wapi mwilini. Mama avukaye Likoni na kikapu kichwani amejitwika. Mwenziwe wa Kisauni mwenye mtoto mgongoni amemweleka. Akiketi na kumweka mapajani, amempakata, ingawa haendi popote. Mzigo wa begani hupagazwa, na ndiko alikotoka mpagazi wa misafara.

Aidha, kila kitenzi kina historia yake. Beba, lililohusu hasa mtoto afungwaye mgongoni kwa nguo, limepanuka hata kuenea mizigo yote. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, ikapita Changamwe kuelekea bara, kazi ya wapagazi ilififia na jina lao likabaki katika simulizi za misafara. Lakini chukua, ambalo kwa Kimvita ni tukua, lilizaa uchukuzi, neno lienealo leo treni, meli na ndege. Chukua huhusu pia kuwakimu wazee, na watu wavumilianao huchukuliana. Maana hizi hazitokani na Kiingereza.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1981, ilikieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Njia hiyo yafaa ifuatwe madarasani pia. Mwanafunzi afundishwaye kwamba eleka na pakata ni "carry" tu, atatosheka na beba, na hayo mengine yatakufa mikononi mwake.