Urithi wa Kibanja: Somo la Historia kutoka Ijumbi

Neno "urithi" katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni yale ambayo jamii hupokea kutoka kwa vizazi vilivyotangulia: lugha, ngoma, majengo na maarifa. Mzigo wa pili ni mali ya marehemu inayogawiwa baada ya matanga kuanuliwa. Maofisa utamaduni hushughulika na mzigo wa kwanza. Mahakama hushughulika na wa pili. Katika vijiji vya Ijumbi, wilayani Muleba, mizigo hiyo haitenganishiki, kwa kuwa kitu kikubwa kuliko vyote walichokiacha wazee ni kibanja, na kibanja hichohicho ndicho wanachokigombea watoto wao.

Mgeni anayefika huko kutafuta mambo ya kale anaweza kuondoka akisema hakuona kitu. Hakuna ngome wala msikiti wa matumbawe. Ataona migomba, mibuni iliyojificha kivulini, maharage chini yake, nyumba katikati na makaburi ya wazee kando ya nyumba. Mpaka na jirani umeoteshwa mulamula, mmea ambao jina lake linatokana na kitenzi cha Kihaya cha kuamua ugomvi. Anachokidhania kuwa shamba la kawaida ndicho hasa jengo la kale alilokuwa akilitafuta.

Nasema jengo kwa sababu udongo wa kibanja umejengwa. Ardhi ya Buhaya iliyo karibu na Ziwa Viktoria haina rutuba kubwa kwa asili yake. Mvua nyingi zimeiosha kwa karne na karne. Ushahidi uko mlangoni. Toka kwenye migomba uingie rweya, yaani uwanda wa nyasi unaozunguka kijiji, na hatua chache tu zitakufikisha kwenye udongo maskini. Tofauti hiyo imeletwa na mikono ya watu. Nyasi zilikatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba. Ng'ombe walilishwa rweya, na samadi yao ikaletwa nyumbani. Majivu, maganda na mabaki ya jikoni yalifukiwa papo hapo. Rweya ililisha kibanja, na kibanja kikalisha watu. Sotoka ilipofyeka ng'ombe katika miaka ya 1890, haikuua mifugo pekee. Ilikata pia mkondo wa samadi uliokuwa uhai wa migomba.

Basi tuulize swali ambalo wanahistoria wa falme hawakulipa uzito unaostahili: ni nani aliyeujenga udongo huo? Kwa sehemu kubwa ni wanawake, waliobeba nyasi kichwani, wakapalilia maharage, na kulima vishamba vya njugu mawe huko rweya, vinavyoitwa musiri. Na katika sehemu nyingi ni watu waliolima ardhi isiyo yao.

Hao wa pili historia yao inajulikana zaidi. Chini ya mfumo wa nyarubanja, mtawala, au mtu aliyependelewa naye, alimiliki vibanja vilivyokaliwa na wakulima walioitwa watwarwa. Mtwarwa alitunza migomba, alitoa sehemu ya mazao na kufanya kazi za bwana wake, na angeweza kufukuzwa. Emin Pasha alipofungua kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, aliikuta kahawa iko tayari: Wahaya walichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna, na mgeni alikaribishwa kwayo. Ukoloni uliigeuza kahawa hiyo kuwa zao la fedha na kodi. Kibanja kikapanda thamani, na wenye nguvu wakazidi kukitamani.

Uhuru ulikuja na jibu. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikampa mtwarwa nafasi ya kuwa mwenye ardhi aliyoilima. Hoja iliyoisukuma sheria hiyo ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyeijenga ardhi kwa jasho lake asiishi juu yake kama mgeni.

Lakini mwaka uleule wa 1963, Serikali hiyohiyo ilitoa Tangazo Na. 436 la sheria za mila kuhusu urithi. Kwa mujibu wa kanuni zake, mwanamke aliweza kurithi, ila kwa ardhi ya ukoo alipewa haki ya kuitumia maisha yake yote bila haki ya kuiuza. Hoja iliyomkomboa mtwarwa haikumfikia binti. Na mila ambayo ingeweza kujadiliwa barazani, ikibadilika kadiri watu walivyobadilika, iligandishwa katika maandishi ya Serikali.

Ilichukua miaka 27 kwa jambo hilo kutikiswa, na waliolitikisa walikuwa watu wa Muleba. Mwanamke aitwaye Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba mauzo ni batili kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Alishinda hapo, akashindwa Mahakama ya Wilaya, kisha akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na katazo la ubaguzi lililomo katika Katiba.

Wengi hukumbuka ushindi huo na kusahau namna ulivyopatikana. Jaji hakuufuta ukoo. Mila iliruhusu wanaume kuuza, huku wanaukoo wakibaki na haki ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei iliyolipwa. Alichofanya ni kumweka binti mahali palepale alipo mwana, pamoja na haki na masharti yaleyale. Hofu ya ukoo kwamba makaburi ya wazee yataangukia mikononi mwa wageni haikudharauliwa. Kilichokataliwa ni kuitumia hofu hiyo dhidi ya jinsia moja tu.

Tangu hapo sheria imesonga, ila kwa kuchechemea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki. Hata hivyo, mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili, ilikiri kwamba kanuni za 1963 ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa CEDAW ikasema kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane hao.

Kwa nini haya yahusu urithi wa utamaduni? Kwa sababu kibanja hakihifadhiwi kwa uzio. Wahaya wana jina la kibanja kilichochoka, kikamba, na kinachokichosha ni kukosa mtu wa kukirudishia alichokitoa. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006, tiba ilikuwa kazi ya mikono: kung'oa mashina yaliyougua, kukata maua dume kwa kijiti chenye panda, kusafisha panga kila baada ya mgomba. Mtu anayejua kwamba anaweza kuondolewa siku mume au baba akifa ana sababu gani ya kuotesha upya shamba litakalomlipa baada ya miaka?

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kuwa mfumo wa kilimo wenye thamani ya urithi wa dunia. Kihamba na kibanja ni ndugu, na ningefurahi kuona kibanja kikipata heshima hiyo. Lakini cheti kitakachosifu migomba na kunyamaza kuhusu aliyeitunza kitakuwa kimesifu jengo na kumsahau mwashi.

Kazi iliyo mbele yetu haihitaji kibali cha mashirika ya dunia. Sheria inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake. Mtumishi wa umma ahakikishe kwamba hao watatu wapo na wanasikilizwa. Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke. Mwanaharakati aulize ni ngapi zimeandikwa hivyo katika kijiji chake. Na wewe mwanafunzi, ukirudi nyumbani likizo, mwombe bibi yako akuonyeshe kibanja chake. Muulize nyasi zilikuwa zikitoka wapi, na nani alizibeba. Kisha muulize jina la nani limeandikwa kwenye hati.