Kupitia Makala ya Kamusi Elezo: Mfano wa Albamu ya Sambolera

Mwanafunzi wa Kiswahili akipewa kazi ya kupitia makala ya kamusi elezo, mara nyingi hukimbilia tahajia. Husahihisha herufi, huongeza nukta, kisha hurudisha karatasi. Kazi hiyo ina faida, lakini bado si mapitio. Kupitia makala ni kuuliza kama msomaji asiyejua jambo, akimaliza kusoma, atakuwa amelijua jambo lenyewe au amepata kivuli chake tu.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi hapa Bujumbura: albamu ya Sambolera ya mwimbaji Khadja Nin, iliyotoka mwaka 1996. Ndani yake kuna wimbo mmoja ambao asili yake ni muziki wa soul wa Marekani. Wimbo huo unatosha kutuonyesha ni wapi makala ya kamusi elezo yanaweza kuwa sahihi kwa kila tarehe na bado yakapungukiwa.

Mambo ya kawaida

Makala kuhusu albamu huwa na sehemu zinazojulikana: jina la msanii, mwaka, watayarishaji, orodha ya nyimbo, na jinsi wasikilizaji walivyoipokea. Kwa Khadja Nin, mambo ya msingi ni haya. Alizaliwa mwaka 1959 katika mji huu, ambao wakati huo uliitwa Usumbura na ulikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1980 alihamia Ubelgiji, na huko ndiko alikofanya kazi na mwanamuziki Nicolas Fiszman. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991, Ya Pili ikafuata mwaka 1994, halafu Sambolera mwaka 1996, na Ya mwaka 1998.

Hata katika orodha hii fupi mwalimu wa Kiswahili ana la kuongeza. Msomaji wa Kifaransa akiona Ya Pili huona jina tu, kama majina mengine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huona upatanisho wa ngeli ya I-ZI: nomino imeachwa, lakini kiambishi kimebaki na kinatuambia kwamba inayotajwa ni albamu ya pili. Jina ni sarufi na hesabu kwa pamoja. Kamusi elezo isiyoeleza hilo imemnyima msomaji wake jambo dogo ambalo lingemfurahisha.

Wimbo uliotoka Detroit

Wimbo tunaoutaka ni "Sina Mali, Sina Deni". Asili yake ni "Free", wimbo wa Stevie Wonder uliomo katika albamu yake ya Characters ya mwaka 1987, iliyotolewa na kampuni ya Motown. Kampuni hiyo ilianzishwa na Berry Gordy mjini Detroit mwaka 1959, mwaka uleule aliozaliwa Khadja Nin. Muziki wa soul wenyewe ulikua mikononi mwa Wamarekani weusi katika miaka ya 1950 na 1960, walipochanganya uimbaji wa injili wa makanisani na muziki wa rhythm and blues wa mijini.

Hapa mpitiaji ana wajibu wa aina mbili. Makala yakiutaja wimbo huu bila kumtaja Stevie Wonder, yatakuwa yamemdhulumu mtunzi wa kwanza. Aidha, yakisema tu kwamba ni "tafsiri ya Free", yatakuwa yamemdhulumu Khadja Nin. Sababu ya dhuluma hii ya pili inahitaji kuelezwa.

Neno "free" la Kiingereza lina mizigo mingi. Kwa Kiswahili tuna huru, tuna bure, tuna wazi, na kila moja lina mahali pake. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilichagua kujiita kamusi elezo huru, na kwa kazi hiyo neno linafaa. Lakini katika wimbo wa mtu mmoja anayesimulia nafsi yake, "huru" lina uzito wa namna nyingine. Tangu miaka ya 1960 uhuru katika nchi zetu umekuwa neno la bendera, magwaride na hotuba. Burundi ilipata wake tarehe 1 Julai 1962.

Kichwa cha wimbo hakikutumia lolote kati ya maneno hayo matatu. Kinasema sina mali, sina deni. Huyu ni mtu asiye na cha kuibiwa wala cha kudaiwa, na kila mkazi wa mtaa wenye duka la kukopesha humwelewa mara moja. Dhana moja imevunjwa kuwa vikanushi viwili vinavyotazamana. Tuhesabu mizani: si-na-ma-li, minne, si-na-de-ni, minne. Jumla ni nane, yaani kipande kizima cha mshororo wa shairi la mizani kumi na sita. Mali na deni, maneno mawili yenye asili ya Kiarabu yaliyokwisha kuwa wenyeji wa lugha yetu siku nyingi, yanaishia kwa irabu moja. Jambo hili halipatikani kwa kufungua kamusi na kuchukua neno la kwanza. Linapatikana kwa mtu anayeifikiria Kiswahili kutoka ndani.

Linganisha na matumizi mengine ya lugha zetu katika muziki wa Wamarekani weusi. Mwaka 1976 Stevie Wonder mwenyewe aliweka maneno ya Kizulu katika wimbo mmoja wa albamu ya Songs in the Key of Life. Mwaka 1987, mwaka wa Characters, Michael Jackson alitoa albamu ya Bad yenye wimbo "Liberian Girl", ambao hufunguliwa kwa maneno ya Kiswahili yanayosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ingawa Liberia si nchi ya Waswahili. Hizo zilikuwa ishara za heshima, lakini Kiswahili kilikaribishwa pale kama mgeni wa dakika chache. Katika "Sina Mali, Sina Deni" mwenye nyumba ni Kiswahili, na mgeni ni wimbo wa Detroit.

Kiswahili cha wapi?

Swali ambalo makala mengi ya kamusi elezo hayaulizi ni hili. Yakiandika kwamba Khadja Nin huimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, yamesema kweli. Lakini msomaji wa mbali atadhani Kirundi ni cha nyumbani, na Kiswahili kimeazimwa pwani ili kuwafikia watu wengi.

Historia ya mji huu inasema vingine. Usumbura ilianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Askari, wapagazi na wafanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, wakiwemo watu wa Ujiji, walikuja na Kiswahili, nacho kikawa lugha ya soko na bandari. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 waliikuta, na mtaa wa Buyenzi ukajulikana kuwa mtaa wa Waswahili. Shule za wamisionari ziliegemea Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kilibaki nje ya darasa, na neno la Kirundi umuswahili likabeba pia maana ya mtu mjanja, asiyeaminika. Walimu wengi wa idara zetu wanazijua dharau hizo.

Ndiyo maana mwaka wa albamu una uzito. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, vilikuwa vimeigawa mitaa ya Bujumbura kwa kabila. Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi, na nchi jirani zikatuwekea vikwazo vya biashara. Katika miaka hiyo Buyenzi, mtaa wa lugha iliyodharauliwa, ulibaki mahali ambapo Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja. Mpitiaji asiandike kwamba vita ndivyo vilivyoizaa albamu. Hilo ni dai linalohitaji ushahidi. Lakini akiziacha tarehe hizi kabisa, msomaji hatajua Kiswahili kilimaanisha nini kwa watu wa mji alikozaliwa mwimbaji.

Zoezi kwa darasa

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, tumekuwa tukiwaeleza wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya majirani zetu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, kwa sababu ni lugha ya mji wetu pia, na wajibu wa kuliandika hilo ni wetu kabla ya kuwa wa mtu mwingine.

Tunapendekeza zoezi hili. Kila mwanafunzi achague makala ya kamusi elezo kuhusu albamu yoyote iliyoimbwa kwa Kiswahili, ayapitie kwa maswali manne. Je, watunzi wote, wa kwanza na wa pili, wametajwa? Je, majina ya nyimbo yameandikwa sawasawa na kuelezwa? Je, kila sifa na kila dai lina ushahidi? Na lugha ya nyimbo imetoka wapi? Swali la mwisho ndilo litakalochukua muda mrefu, na pengine litamlazimu mwanafunzi kutoka maktabani na kwenda kuuliza wazee. Aende. Walimu watakaolijaribu zoezi hili wanaombwa kutuletea matokeo yake.