Mugumo wa Othaya na Swali la Ukweli

Kilima cha Karima kiko karibu na mji wa Othaya, na zamani wazee wa Kikuyu walikwea huko kumtolea Mungu wao, Ngai, dhabihu, nyuso zao zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mti mtakatifu wa mugumo, aina ya mtini, haukuguswa kwa shoka. Hata tawi kavu lililoanguka chini yake halikuokotwa kuwa kuni. Wamisionari waliofika Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20 waliuita mwiko huo ushirikina, na vijana wengi waliosomea katika shule zao wakakubaliana nao. Mimi naona walikosea, ingawa si kwa sababu inayotajwa mara nyingi siku hizi, kwamba mababu walikuwa wanamazingira kabla ya neno hilo kuzuka. Mwiko ule ulikuwa maarifa yaliyohifadhiwa kwa sura ya maadili, na maarifa ya namna hiyo hubaki hai pale tu ambapo kuna watu wenye haki ya kuyahoji.

Sifa ya mababu kama walinzi wa msitu lazima ipunguzwe kwanza. Wakikuyu waliifungua nchi ya Nyeri kwa kufyeka. Migongo ya Othaya inayofunikwa leo na chai na kahawa ilikuwa msitu, na walioingia humo walitaka mashamba. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika katika kitabu chake Bantu Beliefs and Magic cha mwaka 1922 kwamba waliofyeka waliacha mti mkubwa hapa na mwingine kule, ulioitwa murema-kiriti, ili roho za miti iliyoangushwa zipate pa kukaa. Taarifa hiyo inastahili kusomwa polepole. Wenye shoka mkononi ndio waliojiwekea mpaka, na mpaka huo ukapewa maelezo ambayo hata mtoto angeyakumbuka. Huo nauita ubunifu wa hali ya juu: kubuni kanuni ambayo mtu ataitii akiwa peke yake porini, bila askari wala faini.

Atatokea wa kupinga: hofu ya roho si maarifa, na anayeacha mti kwa hofu hajui lolote kuhusu maji wala udongo. Pingamizi hili ni zito. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe upande wa Tetu mwaka 1940, alikatazwa na mama yake kuokota kuni kwenye mugumo kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu; mama hakutaja maji. Binti akasomea biolojia Kansas na Pittsburgh, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Katika Unbowed, kitabu cha maisha yake, anasimulia kwamba baadaye aliukuta mti ule umekatwa na mwenye shamba mpya ili apande chai, na kijito alichochezea utotoni kimekauka. Akaeleza kwa lugha ya sayansi jinsi mizizi ya mugumo inavyopenya mwamba na kuyapa maji ya chini njia ya kupanda. Kijito kimoja kilichokauka hakithibitishi kanuni, nakubali. Lakini Maathai aliugeuza mwiko kuwa swali linaloweza kupimwa, jambo ambalo mmisionari aliyeucheka hakulifanya, wala mwenzetu anayeusifu leo bila kuuliza.

Hapa Henry Odera Oruka anatusaidia. Mwanafalsafa huyu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika utafiti alioanza miaka ya 1970, alihoji wazee wenye hekima vijijini, wakiwemo wa pande za Mlima Kenya, akawatenga wanaorudia hekima ya jamii na wanaoipima kwa akili zao. Kwa kipimo hicho, kuujua mwiko hakutoshi. Tuulize kama kulikuwa na mahali pa kuupima.

Mahali palikuwepo. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza ituika, sherehe ya rika moja kulikabidhi rika jingine uongozi, ambapo sheria na desturi zilipitiwa upya. Ya mwisho ilifanyika miaka ya 1890. Iliyofuata ilianza miaka ya 1920, na serikali ya kikoloni ikaizuia. Nalitaja hili kwa sababu baada ya hapo hapakubaki kikao cha kulipima pingamizi la pili, ambalo mkulima wa Othaya ana haki kamili ya kulitoa: chai inalipa karo, mugumo haulipi. Ni kweli, na simlaumu. Mwiko uliota katika ardhi ya mbari, yaani ya ukoo, ambako hasara ya kuacha mti mmoja iligawanywa kwa wengi. Mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, uliotekelezwa Nyeri wakati watu wamefungiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari, uliikata ardhi kwa hati za mtu mmoja mmoja, na mzigo wote wa mti ukamwangukia mwenye ekari chache. Maathai alilielewa hilo: Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, iliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliostawi, na wajibu wa zamani ukapata namna mpya ya kubebwa. Hati zilipofika Othaya, miaka kama 60 ilikuwa imepita tangu kikao cha mwisho chenye mamlaka ya kuurekebisha mwiko wa mugumo.