Taa ya Tangi la Samaki na Madimbwi ya Kimamba



Tangu matangi ya vioo yaanze kuingia sebuleni kwetu, swali linalorudi ni moja: nimepanda majani ndani ya maji, ninunue taa gani? Muuzaji atakuonesha iliyo kali kuliko zote, maana ndiyo inayovutia macho na ndiyo yenye bei. Leo naomba tulijibu swali hili kwa historia, na historia yenyewe inatutoa kisiwani mpaka Kilosa, mkoani Morogoro.

Kwenye Reli ya Kati, kabla hujafika Kilosa ukitokea Morogoro, kuna mji mdogo wa Kimamba, unaojulikana zaidi kwa mashamba ya mkonge. Mvua zikinyesha, tambarare ile hujaa madimbwi juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Maji yake yamevurugika kama chai ya maziwa, na jua kali la juu halifiki chini. Kiangazi kikiingia, dimbwi linakauka kabisa na ardhi inapasuka nyufa. Humo ndimo anamoishi samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole, dume limejaa rangi na jike limefifia. Mwaka 1977 Mholanzi Ruud Wildekamp alimwandika kitaalamu kwa jina la Nothobranchius steinforti.

Maisha ya samaki huyu hayafiki mwaka. Hutaga mayai ndani ya tope, dimbwi likikauka wazazi wanakufa, na mayai yanangoja ardhini mpaka mvua nyingine. Sisi wa Unguja tunaye ndugu yake, Nothobranchius guentheri, ambaye Mjerumani Georg Pfeffer alimwandika mwaka 1893 kutokana na samaki waliokusanywa hapa na Franz Stuhlmann. Wengi wetu tumepita kando ya madimbwi yake bila kumjua. Dimbwi likifukiwa ili ijengwe nyumba, mayai yaliyomo yamefukiwa nayo.

Yai linalovumilia ukavu linaweza kusafiri kwa posta. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai ya samaki hawa ndani ya mboji yenye unyevunyevu, kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya bahasha. Na huko yanakofika, tangi la kioo lina historia yake ndefu ya mwanga.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyowaweka pamoja samaki wawili wa dhahabu, konokono na mmea wa maji uitwao Vallisneria, wakaishi bila maji kubadilishwa kila mara. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua ukumbi wa matangi kwa watu wote. Taa zilikuwa bado. Mwanga ulitoka dirishani. Jua likizidi, kioo kiligeuka kijani, na dawa ilikuwa kulifunika tangi upande wa jua. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa la mwanga lilikuwa kuupunguza.

Balbu za umeme zilipokuja zilipasha maji moto. Tyubulaiti, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, zilikuwa baridi zaidi na ziliangaza tangi lote, na miaka ya 1960 zikatoka zenye rangi ya waridi kwa ajili ya mimea. Kisha akaja Mjapani Takashi Amano (1954–2015), ambaye picha zake za bustani za majini zilienea duniani miaka ya 1990. Matangi yake yalikuwa na taa kali sana, na hewa ya ukaa ikiingizwa majini kutoka kwenye mtungi. Yanapendeza, nakiri. Lakini ile ni bustani ya mtungi, mbolea na mkasi kila wiki. Watu wengi waliiga taa wakauacha mtungi. Mwanga ukizidi chakula na hewa ya ukaa iliyopo, mimea inashindwa kuutumia, na anayeufaidi ni ule ute wa kijani unaoshika vioo na majani.

Wafugaji wa samaki wa madimbwi walishika njia yao: tangi dogo, sakafu nyeusi, majani yanayoelea juu, taa hafifu. Samaki aliyetoka kwenye maji ya tope hutulia kwenye kivuli. Kuna na sababu ya afya. Samaki hawa hushikwa upesi na ugonjwa unaowapaka kama vumbi la dhahabu, na kijidudu chake hutumia mwanga kama mmea. Ndiyo maana tiba ya zamani ni chumvi kidogo na tangi kutiwa giza.

Basi tuchague. Mimea ya kivulini ni kama anubias ya Afrika Magharibi na Kati, feni ya Java, na feni ya maji ya Afrika iitwayo Bolbitis heudelotii. Hukua polepole na haidai makubwa. Lumeni 10 hadi 20 kwa lita zinatosha: tangi la lita 60 linataka lumeni 600 hadi 1,200, na taa ya LED ya wati 6 hadi 12 inazitoa bila shida. Soma boksi utafute nyeupe ya mchana, 6,500 K. Washa saa sita hadi nane, si kutwa na usiku, na tangi likae mbali na dirisha la jua. Kama unayo taa kali tayari, inyanyue juu zaidi au weka majani yanayoelea.

Suala la umeme nimeliacha mwisho makusudi. Kusini mwa Mikumi, kwenye Mto Ruaha Mkuu, kuna bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na kufikia megawati 204. Waya wa kwanza wa baharini ulipotuunganisha Unguja na bara mwaka 1980, umeme wa maji yale ukaanza kuwasha taa zetu. Desemba 2009 waya huo ulikatika, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Majira hayohayo, Kilosa nako Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu reli. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013.

Umeme unakatika bado, mara saa mbili, mara siku nzima. Tangi la taa kali likizimika ghafla, mimea yake iliyozoea mwanga mwingi hudhoofika mapema na kuoza, na majani yanayooza hula hewa ya samaki. Anubias ikikosa taa siku kadhaa haitikisiki. Umeme ukikatika usiwape samaki chakula, ondoa jani lililooza, na koroga maji juujuu kwa kikombe asubuhi na jioni.