Menma: neno lililofuta dharau

Juu ya bakuli la rameni, ile supu ya tambi ya Wajapani, hupangwa vipande vya rangi ya kahawia, laini lakini vyenye ugumu kidogo vikitafunwa. Hiyo ndiyo menma: machipukizi ya mianzi yaliyochemshwa, yakavundikwa hadi yakachacha, kisha yakaanikwa juani. Mpishi huyaroweka, akayapika kwa sosi ya soya.

Zamani yaliitwa shinachiku, yaani mianzi ya Shina. Msomaji asidhani ni shina la mti. Shina lilikuwa jina la China kwa Kijapani. Masikioni mwa Wachina, jina hilo lilibeba kumbukumbu za uvamizi wa Wajapani, na mwaka 1946 serikali ya Japani ilielekeza liepukwe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, neno menma likashika nafasi yake: men ni tambi, na ma latokana na machiku, mwanzi mnene unaostawi Taiwan.

Nasi tunaojua ulanzi, pombe ya mianzi ya Iringa, twafahamu utamu wa utomvu wa chipukizi la mwanzi ukichacha. Tuandike menma bila kulifasiri. Neno lililoondoa tusi mezani lastahili kubaki lilivyo.