Haidroliki ya trekta: kugoma na kukwama

Haidroliki ya trekta imegoma pale mikono ya nyuma inayobeba slasha, plau au haro inapokataa kupanda, inapokataa kushuka, au inapopanda kisha ikateremka yenyewe bila kuguswa. Katika mashamba ya Mbeya na Iringa lawama huangukia pampu kwanza, na mara nyingi pampu haina kosa. Chanzo huwa oili, chujio, leva iliyoachwa pasipotakiwa, pini iliyopinda, au koki ndogo karibu na kiti ambayo hakuna aliyekumbuka kuifungua. Kosa kubwa zaidi hufanyika baada ya hapo: kifuniko cha haidroliki kinafunguliwa chini ya mti, upepo unapuliza vumbi jekundu, na trekta lililokuwa na tatizo moja linafungwa likiwa na matatu.

Misimu miwili ndiyo inayoleta kazi hii kwa mafundi. Wa kwanza ni Novemba na Desemba, mvua za mwanzo zinapoanguka na kila mwenye shamba anataka kulima wiki ileile. Wa pili huanza Mei mvua zinapokatika, wakati wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanapokata nyasi za Rhodes na malisho mengine kwa ajili ya hei ya kiangazi. Slasha ya trekta ni nzito, na hupandishwa na kushushwa mara nyingi kwa siku kuliko plau, kwa hiyo udhaifu ambao wakati wa kulima haukuonekana hujitokeza wakati wa kukata.

Mfumo na matrekta yaliyopo

Mikono miwili ya chini na ule mmoja wa juu ambao mafundi huuita toplinki ni kazi ya Harry Ferguson wa Ireland. Hataza yake ya mwaka 1926 ilihusu namna ya kulifunga jembe kwenye trekta hadi viwe kitu kimoja, haidroliki ikirekebisha kina kadiri udongo unavyovuta. Trekta lake la TE20 lilitengenezwa Uingereza kati ya 1946 na 1956, na kampuni yake iliungana na Massey-Harris mwaka 1953. Kutoka hapo zikaja Massey Ferguson 35, 135, 240, 290 na 375, ambazo bado zinalima Nyanda za Juu Kusini, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Baada ya tamko la serikali la Kilimo Kwanza mwaka 2009 yaliongezeka matrekta kutoka India, yakiwemo Farmtrac na New Holland yaliyoletwa kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, na Swaraj kupitia wafanyabiashara. Matrekta madogo ya Kijapani kama Kubota yapo pia, mengine yakiwa na mashine ya kukatia nyasi iliyoning'inizwa chini ya tumbo, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Fundi lazima ajue yuko mbele ya kundi lipi. Kwenye Massey za zamani pampu imezama ndani ya oili, katikati ya nyumba ya giaboksi, na inaendeshwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka mwendo wa injini kwenye zana. Zenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga hatua ya kwanza trekta linasimama lakini pampu inaendelea. Ukikanyaga hadi mwisho, pampu nayo inasimama na mikono haiwezi kupanda. Vali inayoiongoza iko upande wa kunyonya wa pampu, na vali hiyohiyo ndiyo inayoruhusu oili kurudi mikono inaposhuka. Mengi ya matrekta ya Kihindi na ya Kijapani yana pampu ya gia iliyofungwa nje, ubavuni mwa injini, ikifanya kazi muda wote injini inapowaka, klachi ikanyagwe au isikanyagwe. Ushauri sahihi kwa kundi moja unaweza kuwa upotevu wa siku nzima kwa jingine.

Usalama

Slasha iliyokwama juu inaweza kushuka ghafla mtu akiwa chini yake. Kabla ya kuingiza mkono, weka magogo imara au stendi za chuma chini ya fremu, vunja mwendo wa PTO, zima injini, toa ufunguo na uutie mfukoni mwako. Jeki peke yake haitoshi, hasa kwenye udongo wa mbuga wa Usangu ambao hulowa na kuzama.

Hatari ya pili haijulikani na wengi. Presha ndani ya mfumo kwa kawaida hufika bar 150 hadi 200. Tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye bomba la mpira hurusha uzi wa oili usioonekana vizuri, na uzi huo hupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo, pengine hakiumi sana siku hiyo, lakini oili iliyoingia ndani huharibu nyama na inaweza kusababisha kukatwa kidole au mkono. Tafuta uvujaji kwa kipande cha boksi au ubao, kamwe si kwa kiganja. Aliyepenyezwa oili apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, na daktari aelezwe wazi kuwa ni oili ya presha, kwa sababu kidonda chenyewe hakisemi.

Inapokataa kupanda

Swali la kwanza ni kama mikono inakataa ikiwa mitupu au ikiwa na mzigo tu. Fungua slasha, iache chini, ujaribu mikono peke yake. Ikipanda vizuri mitupu, pampu inazunguka na vali inafunguka. Kilichobaki ni udhaifu wa presha au mzigo uliozidi uwezo. Ikikataa kabisa, anza na leva. Massey 135 na ndugu zake zina leva mbili, moja ya kimo na nyingine ya mvuto. Leva ya mvuto ikiachwa chini baada ya kulima, ile ya kimo inaweza kusukumwa hadi juu na mikono isinyanyuke. Kwa kazi ya kukata nyasi leva ya mvuto inatakiwa kubaki juu kabisa.

Kisha oili. Trekta likiwa sehemu tambarare na mikono imeshuka, chomoa kijiti cha kupimia na ukitazame kwenye mwanga wa jua. Oili iliyopungua husababisha pampu kunyonya hewa, ikalia na kutetemesha mikono, na kwenye miteremko ya Rungwe au Kilolo oili hukimbilia upande mmoja, hivyo trekta linaloinua vizuri uwanjani hugoma likiwa limeinamisha pua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Mbarali hali hii ni ya kawaida kwa sababu matrekta huingia kwenye majaruba ya mpunga hadi maji yanagusa nyumba ya giaboksi, na mpira wa leva ya gia ukichanika mvua nayo huingia kwa juu. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja kwenye bati la moto: oili safi hutulia na kutoa moshi, yenye maji huchachatika na kuruka. Maji hayo hutia kutu vali, na vali yenye kutu hukwama.

Aina ya oili nayo ina neno. Kwenye Massey na matrekta mengi ya Kihindi oili ileile hulainisha gia na kuendesha haidroliki, na kitabu cha trekta hutaja oili maalumu ya kazi hizo mbili. Anayejaza oili nzito ya difu kwa sababu ndiyo iliyopo dukani atajuta alfajiri ya Julai. Mufindi, Makete na safu za Uporoto hupata baridi kali, na sehemu nyingine sakitu hulala juu ya nyasi; oili nzito kwenye baridi hiyo haipiti upesi kwenye chujio, pampu inalia, mikono inapanda polepole au haipandi hadi saa nne jua likishapasha chuma. Haidroliki inayogoma asubuhi na kupona mchana inalalamikia oili au chujio, na kubadilisha pampu hakutaisaidia. Oili chafu ya injini iliyotumika isiingizwe humo kwa bei yoyote.

Chujio la kunyonya ndilo linalosahaulika kuliko vyote. Likitolewa kwenye trekta lililofanya kazi miaka bila kusafishwa, wavu wake huwa umevaa koti la matope meusi, vumbi la klachi, unga wa chuma unaong'aa na vipande laini vya gundi ya silikoni. Gundi hiyo ni ya mafundi. Anayefunga kifuniko kwa kupaka silikoni nyingi badala ya gasketi huacha ukingo unaobanwa kuelekea ndani. Ukikauka hukatika, huelea na kuishia kwenye wavu. Unga mwingi wa chuma, kwa upande mwingine, ni habari mbaya kweli, maana kuna gia au beringi inayokufa.

Inapokwama juu

Hapa kwanza ni koki. Matrekta mengi ya Kihindi na ya Kijapani yana koki ya kupunguza mwendo wa kushuka, mbele ya kiti au chini yake. Ikifungwa kabisa inafunga mikono juu, na imewekwa hivyo kwa makusudi ili mzigo usishuke barabarani. Dereva huifunga akisafiri na trekta kwenye barabara kuu ya Makambako hadi Uyole, mwingine hupanda kesho yake akidhani trekta limeharibika. Zungusha koki kuifungua kabla ya kumpigia fundi simu.

Koki ikiwa wazi, tazama vyuma vya nje. Kwenye matrekta madogo yenye mashine ya nyasi tumboni, fimbo zinazoiinua zimeunganishwa na mikono ileile ya nyuma, na kuna pini au kirungu kinachoweka kimo cha kukata. Nyasi mbichi hujikandika juu ya visu na kwenye viungo, zikakauka na kuwa ngumu, na fimbo iliyogonga kichuguu hupinda kidogo tu na kubana. Safisha, tia grisi, linganisha fimbo ya kushoto na ya kulia. Kama mikono mitupu inashuka lakini mashine haishuki, haidroliki ni nzima.

Mikono mitupu nayo ikigoma kushuka, vali imekwama kwa uchafu au kutu. Mzigo ukae juu ya magogo, pini za mikono zitolewe, slasha iachwe hapo. Kuigonga nyumba ya haidroliki kwa nyundo huku mzigo ukining'inia ni kuomba msiba.

Inapoteremka yenyewe

Nyanyua slasha, weka magogo chini yake ukiacha nafasi ya kutosha kushuka, zima injini na chora mstari wa chaki kwenye mkono usawa wa fenda. Kushuka taratibu kwa muda mrefu ni uzee wa kawaida. Kushuka mbele ya macho, au mikono inayodunda injini ikiwa inawaka, ni oili inayovuja ndani: oringi au ringi za pistoni ya silinda, vali, au kwenye Massey zile oringi ndogo za bomba linalopandisha oili kutoka kwenye pampu. Oringi hizo hazigharimu sana, ila ziwe za kipimo na za mpira unaostahimili oili. Zinazobahatishwa kutoka kwenye kopo la spea za pikipiki huvimba na kazi kurudiwa.

Kufungua

Kifuniko kifunguliwe tu baada ya geji ya presha kuthibitisha. Fundi hufunga geji kwenye tundu la nje la haidroliki, analazimisha mfumo kufika mwisho wa nguvu yake na kulinganisha namba na kitabu. Presha ikiwa sahihi, pampu ibaki ilipo. Ikiwa ndogo, ataangalia vali ya usalama, na kwenye Massey klachi ya PTO, ambayo ikiisha huteleza na kuinyima pampu mwendo. Geji si kifaa cha anasa, na karakana yoyote inayopokea matrekta, iwe maeneo ya SIDO Mbeya au pembezoni mwa Iringa mjini, inapaswa kuwa nayo kabla ya kununua spana nyingine.

Kazi ya kufungua ifanyike ndani, juu ya sakafu iliyooshwa, spea zikilazwa kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Baada ya kufunga, oili mpya hujazwa hadi alama, injini huachwa ikinguruma polepole, mikono hupandishwa na kushushwa mara kadhaa ikiwa mitupu ili hewa itoke, kisha kijiti huchomolewa tena, maana silinda na chujio jipya huwa vimekwisha kunywa sehemu ya oili hiyo.